Alichokifuata Mama Yako kwa Masista

Bibi yangu,

Nakubusu mkono, kama nilivyofanya kila asubuhi kabla ya basi la shule. Nakuandikia kwa kalamu na kwa Kiswahili, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha, pale kwenye meza ya kulia, huku ukichambua mchele na kunisahihisha bila hata kuinua macho.

Kiti chako bado kiko dirishani. Ndege zikishuka uwanjani vikombe vya kabatini vinalia vilevile, ila hakuna tena anayeviambia vinyamaze. Mama amejifungua, mtoto wa kike. Hayo nitayafikia. Kwanza nina jibu lako.

Ulinituma kazi, unakumbuka? "Wewe unajua mambo ya simu," ulisema. "Nitafutie mama yangu alikuwa akifuata nini kule kwa masista." Ndipo ukanieleza habari za ile nyumba ya maskini ya masista huko Unguja, walikolelewa wazee na wagonjwa wasio na mtu. Mama yako, Bi Mize, alikuwa na mume, na nyumba, na wewe. Lakini mara kwa mara mtu alikuja kumwita jioni. Alikuacha kwa jirani, akalala huko, akarudi kesho yake bila kusema neno. Watoto wa mtaa wenu walikucheka: "Mama yako kaenda kula uji wa maskini." Na ulipomkimbilia mlangoni alikuzuia kwa kiwiko. "Nipishe, nioge kwanza."

Bibi, ulikuwa mtu mzima wa miaka sabini na kitu uliponieleza hilo, na mkono wako ulijikunja kifuani kama wa mtu aliyesukumwa jana. "Kama alikuwa na njaa," ukaniuliza, "mbona hakunichukua tukale sote?" Nilipozaliwa, Baba alitaka niitwe Mize. Ukamwambia, "Jina hilo liache lipumzike." Nikaitwa Samira.

Nilimwandikia Da Raya, binamu yake Baba aliyeko Unguja, akaenda kuomba ruhusa ya kutazama kumbukumbu za zamani. Alizungushwa sana. Inshallah wiki hii, inshallah wiki ijayo. Wewe hukungoja.

Siku tuliyokuzika, kule makaburini Al Qusais huku ugenini, kwenye chumba cha kuoshea maiti, alikuja Bi Asha kutoka mtaa wa International City, yule anayewaosha wanawake wa kwetu. Alinitazama akamuuliza Mama, "Huyu ataweza?" Nikasema naweza. Akanipa kopo nikawa namimina maji anapoelekeza. Kabla hajaanza alisema neno moja, bila ukali: "Utakayoyaona humu yanabaki humu. Maiti ana aibu yake, na sisi ndio nguo yake."

Tulipomaliza, mjukuu wake mdogo alikuwa anamsubiri nje na mama yake. Akamkimbilia. Bi Asha akamzuia kwa kiwiko. "Nipishe, nioge kwanza."

Nilisimama pale, mikono ya baibui langu imelowa, nikashindwa kuondoka. Mama alidhani nalia kwa ajili yako. Ndivyo, lakini si hivyo tu.

Picha alizopiga Da Raya za daftari la waliolala kule zilifika baada ya matanga. Jina la mama yako limo, Bibi, ukurasa baada ya ukurasa. Kaingia jioni, katoka kesho yake. Shangazi Time akavaa miwani, akasoma, akairudisha simu. "Haya, si imeandikwa kabisa? Khalas. Mtoto wa watu mumpe jina la maskini, akachekwe nani shuleni kama si yeye?" Alisema hivyo kwa sababu Mama alikuwa karibu kujifungua, na Baba alikuwa ameanza tena kulitaja lile jina.

Mimi nikaangalia sehemu ya chakula na nguo. Kila aliyelala pale alipewa uji na shuka. Kwa mama yako wamepiga mstari tu. Hakula kitu chao. Nikamwomba Da Raya arudi akatafute kurasa za waliofariki. Bibi, nilizipanga kitandani, hizi huku na zile kule, na karibu kila jioni aliyoingia mama yako, kulikuwa na mwanamke wa Kiislamu amefariki humo ndani, na mahali pa kuandika jamaa pako wazi. Mwanamke asiye na mtoto wala dada wa kumwosha. Masista si wenzake katika dini, na mwanamume hamwoshi. Basi walimtuma mtu akamwite Bi Mize. Mzee mmoja aliyefanya kazi kule zamani alimwambia Da Raya kuwa lango lilifungwa wakati wa magharibi, na yeyote aliyelala ndani aliandikwa, awe maskini au la.

Upo ukurasa mmoja ambao haukuoana na kifo chochote. Nimeutazama sana, nimeuacha. Labda usiku ule mgonjwa alipona.

Kwa hiyo hakuwa na njaa, Bibi. Hakukuonea kinyaa. Alikuwa anatoka kwa maiti, na hakutaka kumshika mtoto wake kabla ya kuoga. Na hakusema alikotoka kwa sababu wale wanawake hawakuwa na nguo nyingine zaidi ya kinywa chake kilichofungwa. Watu walimwita ombaomba, naye alinyamaza. Namstaajabia. Nakustaajabia na wewe, uliyempenda miaka yote hiyo bila kuelezwa.

Nilimsomea Shangazi yote. Aliinuka, akaenda jikoni, akaosha sufuria zilizokwisha kuoshwa. Siku ya saba ya mtoto, kabla Baba hajamaliza kutangaza jina, Shangazi alikuwa ameshamchukua mtoto. "Yalla, Mize, amka unyonye," akamwambia. "Mama yako anakungoja." Kwa hiyo jina uliloliacha lipumzike limeamka, na lina sauti kubwa sana alfajiri.

Nimemwomba Bi Asha anifundishe. Amesema nimalize shule kwanza, halafu nirudi kumuuliza. Nitarudi. Mize naye akikua, atakuta nimeshamwandikia jina lake lilikotoka, asije akaulizwa na watoto wenzake akakosa jibu kama ulivyokosa wewe.

Pumzika, Bibi. Nimekueleza kila kitu isipokuwa kimoja. Niliyoyaona siku ile nilipokuwa nakumiminia maji sikumwambia Mama, na hata wewe sikuandikii.

Mjukuu wako,
Samira