Mkono Ulikuwa Wangu

Mjomba,

Nimeianza barua hii mara tatu kwa Kifaransa, kama masista wanavyotufundisha, na mara zote tatu imetoka na adabu usiyostahili. Basi nakuandikia Kiswahili, lugha mliyotoka nayo Kigoma wewe na mama, ile niliyosomea mpaka darasa la nne. Hutasema hukuelewa.

Nina hasira nawe. Umekufa miezi mitatu sasa na hasira haijapungua hata kidogo.

Siku ya kuondoa matanga wasanii wako walikuja wote. Tangu vita vianze huko kaskazini ni marufuku kutembea usiku, harusi zinaisha jua likiwa bado juu, bendi hazina kazi, kwa hiyo walikaa mpaka mwisho. Faustin mpiga gitaa alisimama akakuigiza: miwani imeshuka puani, kidole juu. "Simama mbele ya ukuta! Taja jina lako! Taja kazi yako! Taja unachotaka! Na usicheke kama bibi harusi!" Watu walicheka mpaka wakalia. Akasema kila aliyepita kwenye kile chumba chako cha mtaa wa Remera, nyuma ya fundi cherehani, aliingia akiwa mtu wa kuitwa "wewe" akatoka ana jina. Wewe hukupiga gitaa wala kucheza ngoma, ila uliwafundisha wanaopiga na wanaocheza namna ya kuomba kazi, kuvaa, na kukataa. Ni kweli. Sikatai.

Kisha akaongeza: "Na mkono wake wa kuchora! Vibao vyote vile vya saluni mnavyoviona mjini, huyu bwana alivichora usiku sisi tumelala."

Mimi nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Mama aliniangalia. Nikaenda kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu.

Vibao vyote nilichora mimi, Mjomba. Unajua. Nilikuwa na miaka kumi na tatu ulipochukua kile cha kwanza, yule mwanamke mwenye misuko kwenye ubao wa plaiwudi, ukakipeleka saluni. Ukarudi unacheka: "Wameuliza nani kachora, nimesema mimi. Wewe si ungejificha chini ya meza?" Na mimi nilicheka. Hiyo ndiyo dhambi yangu, naisema hapa kwa sababu kwa padri nimeshindwa: nilifurahi. Sikutaka mtu aniangalie. Miaka mitatu nilikaa nyuma ya mgongo wako kama mtu aliyekaa kivulini, nikaona raha.

Lakini mwaka jana nilikuomba unifundishe ule ukuta. Unakumbuka? Nilifanya mazoezi wiki nzima ya kukuomba tu. Ukaniangalia juu ya miwani. "Wewe? Kuna wasanii wenye mdomo na wasanii wasio na mdomo. Hawa wa pili wanahitaji mtu. Wewe chora, mimi nitasema." Ukarudi kwenye gazeti lako. Mchezaji ngoma mwenye kigugumizi ulimpa miezi sita ya huo ukuta! Mimi hukunipa hata asubuhi moja.

Sasa sikiliza ulichoniachia. Wiki mbili baada ya mazishi alikuja nyumbani Mama Diane, yule mwenye saluni Remera. Anafungua nyingine karibu na njia panda ya Sonatubes, alitaka kibao kikubwa. Akasimama mlangoni akapiga ishara ya msalaba. "Masikini, nilitaka mkono wa marehemu. Sasa nitampa nani?" Vidole vyangu vilikuwa na rangi ya bluu, Mjomba, mbele ya macho yake. Nilifungua mdomo. Unajua nilisema nini?

Nilisema, "Pole sana."

Nilimpa pole yeye! Akanishika shavu akaenda zake.

Siku hiyo sikula. Ndipo mama akaniambia, bila kuniangalia, akichambua maharage. Kwamba ukiwa na miaka ishirini ulikuwa mwimbaji. Kwamba walikupandisha jukwaani kwenye hoteli moja Bujumbura, nguo umeazima, ukafungua mdomo na hakikutoka kitu. Watu wakapiga miluzi. Ukashuka, na hukuimba tena, hata kanisani. Yale ya ukuta uliyatunga baadaye, peke yako, chumbani, mama akikusikia nyuma ya mlango unataja jina lako.

Mama alidhani nitakuhurumia. Mimi nilizidi kukuchukia. Ulikuwa kama mimi! Dawa uliijua, uliitengeneza mwenyewe, ukawagawia watu wote wa mji huu, ukaninyima mimi. Nadhani ulitaka kitu kimoja tu duniani ambacho watu wangesema ni chako. Ukachukua changu kwa kuwa kilikuwa karibu.

Jana nilikwenda kwa Mama Diane. Peke yangu, kwa miguu. Saluni ilikuwa imejaa, wanawake wanne chini ya mashine za kukaushia nywele. Nikasema jina langu. Nikasema kazi yangu. Sauti ilitoka ndogo, akasema, "Unasemaje, mwanangu?" Nikarudia. Vibao vyote vya mjomba nilichora mimi, na hicho kipya nakitaka.

Walicheka. Mmoja akasema, "Makaburi hayajaota majani, wapwa wameanza kurithi!" Mama Diane akanipa penseli ya wanja. "Haya. Nichore mimi, hapo ukutani, tuone."

Nikamchora. Shingo, hereni, lile pengo la meno analolificha akicheka. Nilipofika kwenye macho kelele zilikuwa zimekwisha. Mama Diane alikuja mpaka karibu na ukuta.

"Basi marehemu alikuwa mwongo," akasema.

Hilo sikulitarajia, Mjomba. Nilidhani kusema jina langu ni jambo langu tu. Wote walikuwa wananitazama, na ningeweza kukuokoa. Ningesema tulichora pamoja. Ningesema ulinifundisha.

Nikasema, "Ndiyo."

Leo habari imeshawafikia wasanii wako. Faustin alikuja kwa mama amekasirika, akaniita mtoto asiye na shukrani, na mama hakunitetea wala hakunikana. Nimelia, lakini sijafuta nilichosema.

Kwaheri, Mjomba. Naahidi kupita kila penye kibao chetu niseme ni changu, na kila mara jina lako litachubuka, na nitaendelea hivyo hivyo. Watakaotaka kujua zaidi nitawaambia pia kwamba ulikuwa mwimbaji. Huo ndio upole wote nilionao. Na huko uliko, wakikuuliza nani alichora, usinisubiri mimi. Sema mwenyewe.

Mpwa wako,
Espérance