Naimba Alfajiri Ili Wifi Asisikie Injini ya Mwanangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na kwanza ujue unaandikiwa na mama mzazi wa fundi, tena si fundi wa kubahatisha, ni kitinda mimba wangu, binti, wenzake gereji wanamwita Spana kwa sababu akiikamata injini haiachi mpaka iseme ukweli, na mimi shule sikufika mbali lakini akili zile kachukua kwangu, hata baba yake anakubali.

Spana alinunua pikapu chakavu akaifufua hapa hapa uani, sasa inabeba mizigo ya watu, nami nikatangaza mtaa mzima kwamba imetulia mpaka ukiweka glasi ya maji juu ya boneti haimwagiki, na hasa nilimwambia wifi yangu, dada wa mume wangu, tunayepakana naye ukuta, maana huyo nikimpa habari huwa naiongeza chumvi kidogo ili imwingie vizuri. Basi pikapu ikaanza kugonga, ikiwashwa asubuhi ni tik-tik-tik kama cherehani, ikipata moto inanyamaza. Spana akanionyesha masizi ubavuni mwa injini, akasema, "Mama, manifodi imeachia. Hiki chuma kinachokusanya moshi wa injini, bolti yake imekatika, moshi unapenya pembeni. Lazima nifungue."

Nikamwambia, "Ufungue hapa, shangazi yako akiwa anaanika nguo? Atasema nini?"

"Atasema bolti imekatika."

Watoto hawa! Nikamkatalia, na tangu hapo naamka alfajiri, najifungia ndani ya gari, vioo juu kwa ajili ya baridi, naiwasha ipate moto huku naimba kwa nguvu zote mpaka inyamaze, kichwa kinanigonga kwa zile sauti za juu lakini navumilia. Wifi akaniuliza juu ya ukuta, "Wifi, siku hizi umeokoka?" Nikamjibu nina furaha tu.

Sasa wifi ameiomba pikapu Jumamosi alfajiri ampeleke mkwe wake na kichanga kwao, watakaa mbele wote, na Spana amenuna, ananiambia, "Kama hutaki nifungue, basi acha na kunisifu." Mshauri, niseme gari ina safari nyingine, au nitafute wimbo mrefu zaidi?

Mimi Mama Spana

Mama Spana,

Zima hiyo injini, ushuke. Kichwa hakikuumi kwa kuimba, kinakuuma kwa moshi. Moshi unaovujia mbele unaingia ndani ya gari, na ile hewa yake inayoua haina harufu ya kukuonya. Humo ndimo ulitaka kumweka mtoto mchanga, ili wifi asikucheke? Nimesoma barua yako nikicheka, hapo nikaacha.

Kunyamaza si kupona. Chuma kikipata joto kinatanuka, upenyo unajiziba. Kikipoa unafunguka tena. Binti yako alijua na alikwambia. Unamsifu mtaani, nyumbani humsikilizi. Nani asingenuna?

Leo hii mwombe radhi, kisha umwache afanye kazi. Afungue injini ikiwa imepoa. Bolti azilowanishe kwanza na mafuta ya kulegeza kutu, asizilazimishe zikakatika nyingine. Atoe kipande kilichobaki, akague kama manifodi ina ufa au imepinda, na gasketi, ile ya kuziba kati ya manifodi na injini, iwe mpya. Ile kuukuu itupwe hata kama inaonekana nzima. Akimaliza, aiwashe ikiwa ya baridi, wote mkiwa kimya. Mpaka hapo hapandi mtu, na kama Jumamosi itafika kazi haijaisha, kichanga kisafiri na gari lingine.

Na wifi usimfiche. Mwite, mpe tochi ammulikie Spana kule chini kwenye giza. Mtu aliyeshika tochi hasemi tena kwamba fundi hajui kazi. Kufikia jioni utamsikia akiwaambia majirani, "Ile pikapu tumeitengeneza." Nawe hapo uume ulimi, mama, umwachie na yeye ajisifu.