Siku Mtoto wa Esta Alipokataa Kupiga Chafya

Jumatano, mwezi wa sita, 1966. Asubuhi jua, mchana mvua ya mawe, sasa ukungu. Majani ya chai ya jirani yametobolewa kama chujio, na mimi pua inawasha tangu mchana. Si mafua. Ni ugoro.

Leo chama chetu kilikutana nyumbani kwa Esta. Ni chama cha wake wa askari walio Kaskazini, kwenye vita vya mpakani. Mimi bado nakwenda, ingawa mume wangu Chumo hayuko Kaskazini tena. Tulimzika hapa nyuma ya boma mwaka jana. Hakuna aliyeniambia niache kuja, na mimi sijauliza.

Chama hiki kilianzishwa na Miss Grace, ambaye jeshi lilimtuma aangalie hali za familia zetu. Ni msichana mpole, mwenye viatu visivyofaa matope yetu. Alianza kwa kutufundisha kufuma sweta za kuwapelekea waume zetu. Tukazifuma nzito, za kufaa asubuhi za huku, kwa sababu baridi ndiyo tunayoijua. Wanaume wakashukuru sana. Mume wa Mama Moraa aliandika kwamba yake ameivalisha pipa la maji, na sasa maji yanakaa baridi mpaka jioni, Mungu ambariki mfumaji.

Kisha akatufundisha kuandika barua. Alisema askari asisumbuliwe na shida za nyumbani, tuandike mema tu. Mama Moraa ni Mkisii na hana mzaha na maagizo. Akamwandikia mumewe kwamba nyumba haivuji hata tone. Mume akajibu kwamba amefurahi, na kwa kuwa haivuji, yale mabati aliyonunua kabla ya kuondoka apewe mama yake. Sasa Mama Moraa analala na sufuria kitandani, na mama mkwe analala pakavu.

Tunamcheka, lakini sisi sote tunaandika hivyo hivyo. Ukisoma barua zetu utadhani kwetu ng'ombe hawafi.

Kitu kimoja sisi ndio tuliomfundisha Miss Grace. Yeye huja na Landrova ya jeshi, na wale wanaoleta habari za vifo pia huja na Landrova ya jeshi. Zamani ikionekana kule kwenye kona ya kituo cha kuuzia majani, kila mwanamke aliacha alichoshika. Kwa hiyo tulimwomba, akifika kwenye kona, atoe mkono dirishani akiwa ameshika donge la uzi wa kufumia. Uzi ukionekana, tunapumua. Siku moja alisahau. Mama Moraa alimpokea kwa matusi ya Kikisii mwanzo mpaka mwisho, halafu akampa ndizi.

Sasa habari ya leo.

Esta ni mke wa Kipngeno, mdogo wake Chumo. Kipngeno alipelekwa Kaskazini miezi michache baada ya mazishi ya kaka yake. Jumapili Esta alijifungua mvulana, na leo mtoto alikuwa aitiwe jina. Kwetu jina la mtoto halichaguliwi. Bibi wa upande wa baba anataja majina ya waliokufa katika ukoo, moja baada ya jingine, na mtoto akipiga chafya kwenye jina fulani, basi huyo ndiye aliyerudi. Mchungaji hapendi mambo haya. Kwa hiyo tulisema ni maombi, na Mama Moraa akakaa mlangoni, aanzishe wimbo akiona mtu wa kanisa anapita.

Bibi wetu, au kogo kama tusemavyo sisi, ni Kogo Taprandich, shangazi yao Chumo na Kipngeno. Haoni vizuri, lakini wafu wa ukoo anawajua wote, pamoja na madeni yao.

Kuna jambo nililokuwa nalijua na sikupaswa kulijua. Jana pale kituoni, nikipimiwa majani, nilisikia wanawake wakisema Esta amemwomba Kogo asilitaje jina la Chumo. Anaogopa. Chumo alifia kule kule aliko baba ya mtoto, na Esta hataki jina hilo lishike nyumba yake. Nilipolisikia nilisema moyoni, sawa, hata mimi ningeogopa.

Haikuwa sawa.

Tangu mazishi hakuna anayetaja jina lake mbele yangu. Wanasema marehemu, au baba Chelangat kwa jina la binti yetu, au yule, wakiangalia chini kana kwamba nimeangusha kitu na wananisaidia kukitafuta. Wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini nilikuwa nimengoja mtoto huyu. Nilifikiri, angalau siku ya jina watamtaja, hata mtoto akikataa.

Nilikwenda hata hivyo, na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kulaza. Kogo akaniwekea mtoto mapajani, kwa sababu Esta alikuwa amechoka. Akaanza.

"Siele!"

Mtoto kimya.

"Mosonik! Rotich! Tonui wa ng'ombe weusi! Tonui wa mguu mbaya!"

Mtoto alipiga miayo kwa Tonui wa mguu mbaya. Kogo akasema miayo si kitu, huyo Tonui alikuwa anachosha watu hata alipokuwa hai. Akarudia wote kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akaanza kuwalaumu mmoja mmoja kwa uvivu. Mtoto akalala.

Hapo ndipo Kogo alipotoa kichupa cha ugoro. Desturi inaruhusu kidogo, wa kumsaidia babu njiani. Lakini mkono wa Kogo unatetemeka na macho hayaoni, na badala ya chembe chini ya pua ya mtoto, alimwaga karibu nusu ya kichupa juu ya blanketi. Akahisi kuna kitu hakiko sawa, akapuliza.

"Mosonik!" akaita.

Mama Moraa akapiga chafya mlangoni mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.

"Haya!" akasema akifuta macho. "Babu yenu amerudi, na amerudi Mkisii. Niletewe ng'ombe zangu!"

"Funga mdomo, wewe," Kogo akasema. "Mosonik hakupenda ndizi. Rotich!"

Kwa jina la Rotich nilipiga chafya mimi. Esta naye akapiga, akishika tumbo kwa maumivu na kicheko. Kuku aliyekuwa chini ya kitanda akatoka nje bila kuaga. Nyumba nzima ilikuwa imejaa mababu, isipokuwa mtoto. Yeye alinitazama tu, macho makubwa, kama askari mpya anayesubiri kuambiwa afanye nini.

Katika kelele hiyo hatukusikia Landrova. Hatukuona kona, hatukuona uzi. Tuliona tu mlango ukiwa mweusi, na kumbe ni Miss Grace, maji yakimtiririka, na mzani wake wa kupimia watoto chini ya kwapa. Akasalimia, akapiga chafya, akaomba msamaha, akapiga nyingine. Mama Moraa akamwuliza kama anamjua Tonui yeyote.

Miss hakuelewa, lakini ni mtu wa kazi. Akasema amefurahi sana kwa mtoto, na kesho atatuma habari kwa redio ya jeshi ili baba ajue amepata mvulana.

"Jina la baba ni nani?" akauliza.

"Kipngeno," Esta akasema.

"Kipngeno," Miss akarudia kwa sauti, ili asisahau.

Na mtoto akapiga chafya.

Majina yanayoitwa ni ya waliokufa. Jina la mtu aliye hai halitajwi kabisa saa hiyo, hata kwa bahati mbaya, na ndiyo maana wageni huwa hawaruhusiwi ndani. Kogo alibaki na mkono hewani. Mama Moraa, ambaye kwao wana desturi nyingine, alielewa bila kuambiwa.

Esta hakulia. Alimwangalia Miss, akaangalia nje ile Landrova, kisha akanigeukia mimi.

"Dada," akasema. "Walipokuja kwako walisema nini kwanza?"

Miss akaanza kusema hapana, hapana, yeye amekuja na mzani na maziwa ya unga, hana habari yoyote. Lakini Esta hakuwa anamsikia. Alikuwa ananingoja. Mimi ndiye mtu pekee katika chama anayejua jinsi wanavyoanza.

Wanaanza kwa kuvua kofia. Sikumwambia.

Nilisema, "Ni mimi. Nilikuwa nimeshamwita Chumo."

Kogo akageuza sikio. "Ulimwita saa ngapi? Mimi sikusikia."

"Nilimwita kimoyomoyo. Mtoto yuko mapajani kwangu. Nilimwita, akapiga chafya. Miss alisema lake wakati huo huo tu."

"Kimoyomoyo inahesabika?" Mama Moraa akauliza, na nikatamani kumpiga.

Wakaanza kubishana. Jirani mmoja alisema jina lazima litoke mdomoni. Mama Moraa akasema Mungu anasikia maombi ya kimoyomoyo, seuze babu. Kogo aliramba fizi. Mwishoni akasema roho haina masikio ya nyama, inaweza kusikia moyo, lakini yeye ana masikio ya nyama na ndiye anayetoa hukumu hapa. Nimwite tena. Kwa mdomo. Wote wasikie.

Nilimwangalia Esta. Yeye ndiye aliyekataa jina hilo. Akatikisa kichwa kukubali, haraka haraka.

Sasa, lazima niandike ukweli. Sikuwa nimemwita. Mtoto alipopiga chafya mimi nilikuwa nafikiria maziwa niliyoacha mekoni, kama Chelangat amekumbuka kuyaepua. Nilisema uongo mbele ya mtoto wa siku tatu na mbele ya ukoo mzima wa wafu, na kwa nje ilikuwa maombi.

Nilifungua mdomo. Jina lile lilikuwa halijapita hapo tangu mazishi.

"Chumo," nikasema.

Hakuna.

Mtoto akanitazama. Mvua ikapiga mabati. Nikasikia Esta anaacha kupumua, nikasikia Mama Moraa anasema taratibu, "Fanya bidii, mwanangu." Na mimi nikakumbuka, nikakaribia kucheka: hivyo ndivyo alivyokuwa. Mume wangu hakuwahi kuitika mara ya kwanza. Ningeita chakula tayari, yuko nje anawapanga ndama mstari kama gwaride, anasikia kabisa, anangoja niite kwa hasira.

Basi nikamwita hivyo. "Chumo! Wewe Chumo! Mpaka lini?"

Mtoto akakunja uso wote, akawa mzee, akapiga chafya. Kisha nyingine. Kisha ya tatu, na hiyo ikamwagika juu ya gauni langu la kanisani.

Kogo akapiga kigelegele kama msichana. "Ni yeye huyo! Ukaidi ule ule!"

Wakapiga vigelegele vyote vinne, kama ilivyo desturi kwa mvulana. Miss naye akajaribu, sauti ikatoka kama ya kuku. Esta alikuwa analia sasa, kilio kizuri, na akamwuliza Kogo kama jina hilo halitamvuta Kipngeno vibaya huko aliko. Kogo akaweka ugoro puani, taratibu.

"Chumo ni mkubwa," akasema. "Mkubwa ametangulia kufika nyumbani. Mdogo atamfuata. Umewahi kuona mdogo anakaa huko wakati kaka yake yuko hapa anakunywa maziwa?"

Sijui kama hiyo ni mantiki, lakini Esta aliikubali, na rangi ikamrudia. Miss akapima mtoto. Mama Moraa akapimwa pia, kwa kuwa mzani ulikuwepo, na akaukata kamba.

Nimekaa sasa nafikiri. Katika nyumba ile kulikuwa na ugoro wa kutosha kuufanya hata mlango upige chafya. Mtoto angechemua kwa jina lolote, hata la gavana wa Waingereza. Kipngeno yuko salama au hayuko, na chafya haijui. Hayo nayajua. Nilisoma mpaka darasa la saba.

Lakini nilipokuwa naondoka, nimefika penye ua, nilisikia Esta ndani, sauti ya mama aliyechoka kabisa. "Chumo, ndiyo nini hii? Chumo, umenikojolea tena!"

Nilisimama kwenye mvua nikasikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyesema marehemu. Hakuna aliyeangalia chini.

Watu watamwita hivyo kila siku sasa, kutoka kilima mpaka kilima. Chumo toka kwenye matope. Chumo rudisha kijiko. Chumo nani amekula sukari. Mume wangu, aliyekuwa koplo!

Kesho ni zamu yangu kumwogesha. Itabidi nimshike miguu, nimpake sabuni, na nimwite. Nitaweza kumkemea Chumo huku yuko uchi namna ile, na Esta anasikiliza, bila kulia wala kucheka?

Nitakwenda mapema, maji yakiwa bado ya moto.