Mabega ya Raymundi

Tabora, 4 Julai 1954

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za hapo Ziba? Goti la Mama linamruhusu kwenda shambani, au bado anajikaza tu asionekane mgonjwa? Pamba mmemaliza kuchuma? Sisi huku tu wazima, ila vumbi linatukohoza. Kazi yangu ya kushona inaendelea.

Mdogo wangu Raymundi amerefuka, hata suruali uliyomnunulia haimfiki kifundoni. Kama ujuavyo, Jumamosi atakimbia mbio za maili moja katika michezo ya Jimbo, na atakayeshinda atapelekwa Dar es Salaam. Mtoto hana wazo lingine. Hata akitumwa maji anakimbia.

Mwalimu wake wa michezo anaitwa Shilinde. Siku za kwanza hakumfundisha kitu. Alikaa kwenye nyasi akimtazama tu. Unanijua mdomo wangu, nikamwambia sikumleta ndugu yangu atazamwe kama ng'ombe wa mnadani. Akacheka, akanionyesha. Kila mwanamume akipaza sauti nyuma yake kwamba akaze, mabega ya Raymundi hupanda mpaka masikioni, shingo inageuka, na mwendo unakufa. Alisema miguu haina kasoro, ila mwili umezoea kungojea kipigo. Yeye pia zamani aliwakimbiza vijana kwa fimbo, nao wakawa hodari alipokuwa karibu nao. Siku ya mashindano, alipokaa mbali, wakapooza. Tangu hapo huchunguza kwanza ni nini kinachomfanya kila kijana akimbie vyema, na nini kinachomharibu.

Basi akapiga marufuku kelele zote. Raymundi akimaliza kukimbia huambiwa jambo moja tu alilofanya vizuri, palepale, kabla hajapata pumzi: leo mikono ilitulia, au leo hukugeuka nyuma. Mimi niliona ni kumdekeza. Lo, nilikosea! Kidogo kidogo mabega yakashuka, akawa anawaacha wenzake huku anatabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu akikimbia.

Juzi Mayala wa lori alituletea salamu zako, kwamba Jumamosi unakuja, na utasimama na fimbo kwenye kona ya mwisho umhimize akaze, kama ulivyokuwa ukimhimiza kwenye njia ya zamani ya misafara. Raymundi alishukuru, akasukuma sahani yake. Kesho yake alikimbia akigeuka nyuma njia nzima, na nyuma hapakuwa na mtu. Kisha akamwambia Mwalimu kwamba ana homa, jina lake lifutwe. Homa hana. Nilimshika paji la uso mwenyewe.

Nilimuuliza kama anaogopa kuchapwa. Akasema hapana, kuchapwa amezoea. Anachoogopa ni kuuona uso wako akishindwa. Akalia, Baba, kijana ambaye ndevu zimeanza kumtoka, na mimi nikalia naye.

Mimi nilipewa jina la mama yako mzazi, na wewe mwenyewe huniita mama. Leo tu niruhusu niseme kwa jina hilo. Najua ulipokuwa tarishi, ukikimbia na barua za serikali kutoka hapa hadi Igunga, ukichelewa ulichapwa. Ulimfundisha mwanao mbio jinsi ulivyofundishwa wewe, na hukufanya hivyo kwa kumchukia. Lakini Jumamosi usije. Nimekwisha kumwambia kwamba huji, kwamba pamba imekubana, na jina lake limerudishwa. Nimesema uongo kwa kutumia jina lako kabla sijakuomba ruhusa. Adhabu yoyote utakayonipa nitaipokea, ila nipe mimi, si yeye.

Mayala ataiweka barua hii mkononi mwako, maana unasoma mwenyewe, na sitaki majirani wayasikie haya.

Nisalimie sana Mama, Pelagia na watoto wake, na Mzee Ngollo. Jumapili nitamleta Raymundi nyumbani kwa lori hilohilo, awe ameshinda au ameshindwa. Akiteremka, mpokee mzigo, mkae mle pamoja. Nakuomba, Baba, usimuulize amekuwa wa ngapi.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Nyamizi Apolinaria