Nusu Aliyoikataa Mama

Nyumbani, nyuma ya zahanati,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. U hali gani? Kile kikohozi cha baridi kimekuacha, au bado unabishana nacho kama unavyobishana na kila mtu? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Baba goti bado linamsumbua, lakini mdomo ni mzima kabisa. Leo asubuhi amenigombeza kwa sababu ya redio.

Nina neno zito. Kwa simu ungenikatiza, ndiyo maana nimeandika. Kaa chini ulisome mpaka mwisho.

Unakumbuka Mama alipoingia kwenye utafiti wa dawa ya figo wa ile taasisi ya serikali. Ulikasirika sana. Ulisema serikali imemfanya panya wa majaribio, na alipofariki mwaka jana ukalirudia neno hilo mbele ya Kasuku wetu. Unamjua binti huyu kitinda mimba wetu, neno lako kwake ni sheria. Naye ana maradhi yale yale ya Mama, sasa dawa imepatikana, na hataki kuimeza. Kila nikimsihi ananirudishia maneno yako vile vile ulivyoyasema.

Wiki iliyopita taasisi ilituita ukumbini, wagonjwa pamoja na sisi tuliofiwa, kwa kuwa utafiti umefungwa. Daktari wa utafiti, yule mama mrefu aliyekuja mazishini, alitueleza upya. Wagonjwa wote waliendelea na dawa zao za kawaida, kisha kila mmoja akapewa kichupa cha vidonge chenye namba tu. Baadhi vilikuwa dawa mpya, baadhi havikuwa na dawa yoyote ndani. Kompyuta ndiyo iliyogawa. Mgonjwa hakujua, muuguzi hakujua, hata daktari mwenyewe hakujua mpaka siku ya kufungua siri ya zile namba. Mama aliambiwa yote haya tangu mwanzo akaridhia, na mimi nilikuwa nimekaa kando yake.

Dawa inafanya kazi, Kaka. Haiponyi, lakini figo za waliopewa zimechakaa polepole kuliko za wenzao. Wizara imeshaagiza iwekwe kwenye zahanati za serikali, bila malipo kwa familia kama yetu. Bibi afya anapita nyumba kwa nyumba kupima mkojo wa ndugu za wagonjwa. Ndiye aliyemgundua Kasuku, Mama akiwa bado hai.

Baadaye tuliitwa chumbani mmoja mmoja. Daktari akaniambia Mama alikuwa upande usio na dawa. Hakuzungukazunguka. Nikamuuliza kama usingizi unamjia akifika kwake.

"Si kila siku," akajibu.

Nilitaka kumchukia nikashindwa. Nililia pale mpaka mtandio ukalowa.

Nje nilimkuta Bi Kicheko, yule mwenzake Mama wa benchi la kliniki. Siku hiyo hakuwa na kicheko hata cha kuazima. Yeye ndiye aliyepata dawa. Akanishika mkono, akanieleza jambo ambalo Mama hakutuambia. Miguu yake ilipoacha kuvimba, na ya Mama ikawa inazidi, alianza kukisia kwamba yeye ndiye mwenye dawa. Siku moja, wakiwa wanangoja kuitwa, alikikata kidonge chake kwa meno akampa Mama nusu.

"Chukua, mwenzangu. Tugawane huu uzima."

Mama akaukunja mkono wa mwenzake, nusu ile ikiwa bado kiganjani.

"Tukigawana wataona wote tuko sawasawa, waseme dawa haifai, waitupe. Mimi nina binti nyumbani, Bi Kicheko."

Kaka, panya hajui kwa nini yuko kizimbani. Mama alijua, na alichagua mwenyewe, akarudi nyumbani siku ile akatupikia kama kawaida.

Sikwambii usikasirike. Mimi mwenyewe nikiikumbuka miguu yake natamani kuvunja vyombo. Wala serikali si malaika; foleni ya zahanati unaijua, na choo chake usiulize. Lakini hasira zetu hazimrudishi Mama, na zinatuondolea Kasuku naye.

Huyo msemaji wetu siku hizi kanyamaza. Anaamka uso umevimba, anakaa chumba cha nyuma. Kichupa chake kiko dirishani, hakijafunguliwa. Daktari anasema sehemu ya figo iliyokwisha kufa haifufuki, kwa hiyo kila siku anayokaa bila dawa ni hasara. Nikimsimulia mimi habari za Bi Kicheko, atasema Wakili anatunga kesi. Akizisikia kwako ataamini.

Baba anakusalimu, na shangazi anauliza lini utakuja kumwonyesha wajukuu. Bi Kicheko naye anakusalimu, ingawa hamjaonana. Mwenyezi Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na ugeni usikuchoshe.

Barua hii ikikufika, mpigie Kasuku siku hiyo hiyo. Mama aliikataa nusu ili mtoto wake apate kizima, na kizima kiko pale dirishani kinakungoja wewe.

Wako akupendaye hata ukinuna,
Mdogo wako, Wakili.