Kompyuta Isiyotaka Kuamka

Mama,

Kwa nini kompyuta hii hulala vizuri, kisha hukataa kuamka? Bado sijui. Ninarekebisha sehemu ya mfumo inayoilaza ili isimalize betri, na wenye kompyuta kama hii wanayasubiri marekebisho hayo.

Asubuhi ulipoinua kifuniko upanguse vumbi, jaribio la kuilaza kwa muda wa saa sita likakatika. Nilinuna, nisamehe. Ulipouliza, "Mbona wewe nawe huamki nikikuita?" hasira zote ziliniisha.

Chai imo kwenye chupa. ~~Usiiguse kompyuta kabisa.~~ Nimeilaza upya. Saa kumi kamili ifungue wewe mwenyewe, uandike hapa chini kama imeamka.

Marekebisho yoyote huandikwa jina la aliyeyajaribu. Wenzangu nimeshawaambia: safari hii litaandikwa lako.

Kitindamimba wako