Spika Saba za Baba

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu. Najua utaigeuza bahasha mara mbili kuhakikisha mwandiko, kwa maana kwa miaka miwili mimi na wewe tumekuwa tukisalimiana kwa ujumbe wa maneno manne, kama majirani waliogombania uzio. Natumaini wewe na shemeji ni wazima, na watoto wanasoma vizuri. Yule mkubwa bila shaka ameshanipita kimo. Sisi huku miili ni mizima. Baba anatembea bila kushikwa, anakula, na gazeti analisoma mpaka matangazo ya zabuni. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha hapa.

Barua hii nimeianza mara nne. Tatu za kwanza nilizichana kwa sababu zilikuwa na hoja, zilikuwa na mpinzani, na aya ya mwisho ilikuwa ya kumkata mtu maini. Baba aliiona moja, akanirudishia mezani. Alisema, "Usimwandikie makala. Mwandikie barua." Basi nitajaribu kueleza mambo kama yalivyofuatana, nawe unijuavyo, nikianza kuhutubia ruka mistari.

Nianze na televisheni.

Wewe na mimi tulikulia chini ya karani wa mahakama, kwa hiyo sina haja ya kukueleza Baba na maneno ya watu. Miaka thelathini na moja aliandika kila kilichosemwa kizimbani, na mezani alitufanyia hivyohivyo. Ukimumunya jibu, anakuambia shahidi arudie. Alipostaafu hakuacha. Hukaa mbele ya televisheni na daftari magotini, anaandika wanachosema watu wa kwenye filamu, na pale asiposikia anaweka nukta tatu. Mama alikuwa akimtania kwamba siku moja atamwita mwigizaji aje atie sahihi.

Baada ya Mama kufariki, nilimkusanyia Baba picha zote za marehemu na video zilizokuwa kwenye simu yangu, nikazitia kwenye flashi ya kuchomeka kwenye televisheni. Nilifanya haraka, bila kuzitazama moja moja, kwa sababu sikuweza kuzitazama. Mojawapo ilichukuliwa sebuleni, wiki zile za mwisho, tulipomhamishia Mama kitanda karibu na dirisha. Muuguzi aliyekuwa akija kumhudumia aliiegemeza simu yangu kwenye rafu ili Mama awatolee wajukuu salamu. Mama akasalimu, akachoka, na simu ikasahaulika pale inaendelea kurekodi. Baba alikuwa chumbani amelala. Kwa hiyo baada ya zile salamu zinafuata dakika sita ambazo yeye hakuzishuhudia, feni inavuma, Mama anasema kitu, mimi namjibu, muuguzi anasema kitu, mimi namjibu.

Televisheni yetu ya zamani ilikuwa na vispika kama vya redio ya mfukoni. Baba aliicheza video ile kila asubuhi baada ya chai. Aliandika salamu za wajukuu zote, neno kwa neno, halafu nukta tatu, nukta tatu, ukurasa mzima. Akaniuliza Mama alikuwa ananiambia nini. Nikamwambia sikumbuki, yalikuwa mambo ya dawa na maji ya kunywa. Akasema basi nimtafutie chombo cha kumwezesha kusikia, maana huyo ni mkewe, na hata maji ya kunywa anataka kujua aliyaombaje.

Nikamnunulia seti nzima ya sinema ya nyumbani. Spika saba, mdogo wangu. Mbili ndefu kama watoto wa darasa la tatu zimesimama pande mbili za televisheni, mbili ubavuni, mbili nyuma ya makochi, moja fupi na pana ya katikati ndani ya kabati la kioo, na, nje ya hesabu ya hizo saba, sabufa ya midundo kwenye kona inayotetemesha vikombe. Amplifaya ina vitufe vya kuifanya sebule iwe ukumbi, kanisa, uwanja. Rimoti tatu. Ilipowashwa mara ya kwanza mbele ya Baba, ndege ilipita juu ya vichwa vyetu mpaka akainama. Halafu watu wakaanza kuzungumza, na Baba akaweka nukta tatu.

Akasema amelisikia bawa la kushoto la ndege na bawa la kulia, ila mume anamwambia mke nini, hapana. Tukaongeza sauti. Mvua ikanyesha ndani ya nyumba, maneno hayakuja. Hata msomaji wa habari alisikika kama mtu anayezungumza akiwa ndani ya pipa. Na video ya Mama ikawa mbaya kuliko mwanzo. Feni ilivuma pande zote nne, na Mama, midomo inacheza, hana sauti.

Hapo ndipo nilipofanya ninachokijua. Niliandika makala. Pengine uliisoma, ilikatwa na kubandikwa mpaka kwenye mbao za matangazo vyuoni. Niliwashambulia watengenezaji wa filamu kwamba wanatupa milipuko na kutunyima maneno, nikawashambulia wauza mitambo, nikasema karne hii imeamua kwamba kelele ni utajiri na maneno ni ya maskini. Nilisema mzee aliyetumikia maneno ya watu maisha yake yote anaketi katikati ya spika saba na hapati sentensi moja. Barua za wasomaji zilijaa kurasa mbili. Kila nilichoandika mle ninakiamini mpaka leo, na hilo ndilo linalonitia aibu.

Kwa maana Baba hakuilaumu karne. Alijilaumu yeye. Alianza kushika sikio kwa kiganja. Akaenda kwa daktari wa masikio, akapimwa, akaambiwa kwa mtu wa umri wake masikio yale ni ya kujivunia. Hakuamini. Alidhani daktari anamwonea huruma. Aliacha kwenda kwenye vikao vya wastaafu wenzake kwa kuogopa kujibu asichoulizwa. Akaacha kupokea simu. Zile mara nne ulizopiga, mdogo wangu, nikakuambia amepumzika, alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwangu, anatikisa mkono kwamba hapana, asije akakusikia vibaya. Wewe ukadhani bado ana hasira nawe. Naye akadhani umepiga kwa wajibu tu. Mwaka mzima umekwenda hivyo, na mimi katikati yenu nimeshika simu.

Mwezi uliopita, bila kunishirikisha, Baba alimleta fundi. Walikutana kwa kinyozi. Ni fundi wa vipaza sauti vya kumbi za mikutano, mtu mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kwenye paji la uso, na yeye mwenyewe hujiita Fundi Miwani. Alisimama mlangoni akaitazama sebule yetu, akamuuliza Baba kama hapa wanaishi watu au wanacheza timu mbili. Baba alicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Fundi alimuuliza anataka nini hasa. Baba akasema anataka kusikia watu wanasema nini. Basi fundi akajibu kwamba kwa kazi hiyo hizi nyingi ni wageni, tuwasindikize. Akazitoa mbili za nyuma. Akazitoa mbili za ubavuni. Sabufa akaiambia pole ndugu yangu, umeibeba kona ya watu muda mrefu, akaizima. Akafuta ukumbi, kanisa na uwanja kwenye amplifaya, akaweka mpangilio wa kawaida. Muda wote alikuwa akimfundisha Baba kwamba sauti za mazungumzo hupelekwa kwenye spika ya katikati, ndiyo mdomo wa televisheni, na mdomo haufungiwi kabatini nyuma ya kioo. Hizo nyingine ni za upepo na milipuko. Akaivuta ile ya katikati aiweke mezani, usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Akaigeuza nyuma.

Akaishusha ile miwani ya kwenye paji la uso.

Waya haukuwa umechomekwa. Ncha yake ilikuwa imekunjwa, ikazungushiwa utepe mweusi, ikasokomezwa nyuma ya kabati. Fundi alinitazama mimi, kisha akamtazama Baba, kisha akasema kwa upole kwamba mafundi wengine hufunga kazi kwa haraka, husahau. Baba alimwacha achomeke, akaenda chumbani kwake, akarudi na flashi.

Nikasema tujaribie taarifa ya habari. Baba akasema hapana. Nikasema fundi ana haraka. Fundi, masikini, akasema hana.

Sauti ya Mama ilitoka pale mezani kana kwamba kaketi kati yetu. Mpaka ile pumzi yake fupi kabla ya kuanza neno tuliisikia. Baba alifungua daftari kwenye ukurasa wa nukta. Nakunakilia alichoandika, kwa kuwa ni haki yako.

Mama: Umempigia mdogo wako?

Mimi: Nimempigia, Mama. Anasema kazi zimembana, hawezi kuja.

Mama: Hata siku mbili?

Mimi: Hata moja.

Mama: Basi mwambie sina kinyongo naye. Mwambie ale vizuri.

Kisha Mama anasinzia. Feni. Kisha muuguzi anauliza kwa sauti ya chini kama ampigie yeye, huenda mtu mwingine akamlainisha.

Mimi: Sijampigia. Wala wewe usimpigie.

Muuguzi: Lakini dada, mama anamuulizia kila siku.

Mimi: Mwache aulizie.

Baba alimwomba fundi arudishe nyuma sehemu ile ya mwisho, hakuwa na hakika na neno moja. Alipolipata akaliandika. Alimshukuru fundi, akamsindikiza mpaka mlango wa nje, akarudi, akaniwekea daftari mbele yangu pamoja na kalamu. Ndivyo walivyokuwa wakifanya na mashahidi. "Soma," akasema. "Kama nimekosea neno, sahihisha. Kama sikukosea, weka sahihi." Nikasoma. Hakuwa amekosea. Nikaweka sahihi.

Sasa sikia kutoka kwangu, si kwa fundi wala kwa daftari. Waya niliutoa mimi. Siku ya kwanza ya mitambo ile Baba alikuwa kliniki, nikaijaribu peke yangu, na kwa ujinga wangu nikaijaribu kwa video ya Mama. Ndipo nilipojua kilichomo. Baba alikuwa njiani kurudi. Kama ningeifuta video angeuliza imekwenda wapi, maana alishaizoea kila asubuhi. Nikauvuta waya, nikauzungushia utepe vizuri, maana mimi ni mtu wa kazi safi. Na nikamwacha baba yetu aamini kwamba anakuwa kiziwi.

Na sababu ya kutokupigia? Unaikumbuka makala yangu kuhusu bandari, na wewe ukanijibu kwenye gazeti lilelile, kwa jina lako kamili, ukaonyesha kwamba takwimu zangu zote zilikuwa za uongo. Zilikuwa za uongo. Mama alisoma jibu lako kwa sauti mezani, akacheka, akasema mdogo amemkuna mkubwa pasipowasha. Ni hilo tu. Nimetafuta sababu kubwa zaidi kwa miaka miwili, na mimi ni hodari wa kutafuta sababu, sijaiona. Mama alipoanza kukuulizia nilitaka unyimwe kitu, hata kwa siku moja. Nikasema nitapiga kesho. Wewe uliponiuliza kwa ujumbe, nilikuambia ana homa ndogo. Baba nilimwambia umekataa. Mama aliendelea kukuulizia kwa siku tisa, na wewe ukafika kaburi limeshafukiwa, na Baba akakupa mkono kama anavyompa mgeni, na hukujua kwa nini.

Sikuombi msamaha. Nimewashurutisha wakubwa wengi kuomba radhi hadharani, na nikawacheka walipoomba. Nimeacha kuandika gazetini. Mhariri anadhani nimechoka. Baba hanisemeshi ila ya lazima, chakula, mlango, dawa, na barua hii. Asubuhi anaicheza video mpaka pale Mama anaposema ale vizuri, halafu anaizima. Anasikia vizuri kabisa sasa. Anasikia hata ninapolia jikoni, na haji.

Msalimie shemeji. Wasalimie watoto, kama bado wanaambiwa wana mama mkubwa. Barua hii siifungi. Baba amesema haniamini tena kufikisha neno lolote kwako, ataisoma yeye, ataifunga yeye, na kuipeleka posta kwa miguu yake.

Ni mimi,
Dada yako

Nimeisoma. Siku zilikuwa kumi na moja, si tisa. Mengine ni kweli. Nipigie, nitapokea.
Baba